Utani Usio na Jibu Siyo Utani

Najua nimepotea. Mara mitihani ya katikati ya muhula, mara mazoezi ya kufundisha, mara baridi... na hii baridi ya Ohio jamani haina adabu hata kidogo. Ila leo lazima niandike, maana kuna jambo linanikereketa tangu wiki tatu zilizopita, na nikizidi kulinyamazia nitapasuka.

Jambo lenyewe ni utani wa majimbo. Ninyi mlioko nyumbani msidhani Marekani ni kitu kimoja. Ni majimbo 50, na karibu kila jimbo lina mtani wake. Texas na Oklahoma, New York na New Jersey, na hapa nilipo mimi, Ohio na Michigan. Hawa wawili ni Simba na Yanga wa huku, tena na zaidi. Kila mwaka mwishoni mwa Novemba timu za vyuo vikuu vyao viwili vikubwa zinakutana kwenye mpira wa Kimarekani, na mechi hiyo haina hata jina la kujivunia. Inaitwa Mechi tu. Basi. Ukisema "Mechi" kila mtu anajua ni ipi.

Wiki hiyo ikifika watu wanarukwa na akili. Kule Columbus, kwenye chuo kikuu cha jimbo, herufi M kwenye mabango na majengo zinazibwa kwa alama ya X nyekundu, eti hawataki kuiona herufi ya adui. Wenye msimamo mkali hawatamki hata neno Michigan, wanasema "ile timu ya kule kaskazini". Mwenzangu wa chumba ni mtoto wa Toledo, mama yake ni wa Michigan, na wiki ya Mechi anamwita mama yake "mgeni wetu". Teh teh teh!

Nilipomuuliza chanzo cha haya yote alinijibu kwa uso mkavu kabisa: "Tulipigana vita." Nikadhani ananitania. Nikaenda maktaba, kumbe kweli!

Sikilizeni kisa. Mwaka 1787 sheria ilisema mpaka wa majimbo ya eneo hili ufuate mstari unaotoka ncha ya kusini ya Ziwa Michigan kwenda mashariki. Tatizo ni kwamba ramani za wakati ule zilikuwa zimelichora ziwa vibaya, ncha yake ikawekwa kaskazini kuliko ilivyo kweli. Ohio walipoandika katiba yao mwaka 1802 wakajiwekea kipengele cha kuhakikisha mdomo wa Mto Maumee unabaki kwao hata kama ramani ina makosa. Michigan nao wakasema hapana, sheria ni sheria. Katikati kikabaki kipande cha ardhi cha kama kilomita za mraba 1,200, chenye mji wa Toledo ndani yake.

Mwaka 1835 pande zote mbili zikapeleka wanamgambo. Gavana wa Ohio alikuwa mzee Robert Lucas. Upande wa Michigan kiongozi alikuwa Stevens Mason, kijana wa miaka 23. Wadau, miaka 23! Umri wetu huu huu ambao sisi tunagombania zamu ya mashine ya kufulia, mwenzetu anaongoza vita ya mpaka. Na hiyo vita ilimwaga damu kiasi gani? Mtu mmoja tu. Naibu sherifu wa Michigan, Joseph Wood, alichomwa kisu kidogo cha mfukoni alipokwenda kukamata watu Toledo, na akapona. Aliyemchoma aliitwa Two Stickney. Ndiyo, Two, yaani Mbili. Kaka yake aliitwa One. Baba yao aliona ya nini kuhangaika na majina wakati namba zipo.

Mwisho wake Bunge la Marekani liliiambia Michigan: mkitaka kuwa jimbo kamili, iacheni Toledo, tutawapa sehemu kubwa ya ile rasi ya kaskazini inayoitwa Upper Peninsula. Michigan walinuna weee, wakaona wamepewa misitu na theluji. Wakakubali shingo upande Desemba 1836, na Januari 1837 wakawa jimbo la 26. Haikupita miaka kumi, kwenye misitu ile kukagundulika shaba na chuma cha kutisha. Kwa hiyo mpaka leo hakuna anayejua nani alishinda. Ohio wanasema "tulichukua Toledo", Michigan wanajibu "asanteni kwa kutuondolea Toledo". Hapo ndipo mwenzangu wa chumba huwa anarusha mto.

Nimewasimulia haya kwa makusudi. Nataka muone utani mzuri unavyofanana, ndipo niwaonyeshe ule mbaya.

Utani mzuri una jibu. Ohio ina watu karibu milioni 12, Michigan wako kama milioni 10. Wote wana viwanda, wote wana vyuo vikubwa, wote wana viwanja vinavyoingiza watu zaidi ya laki moja. Ukinirushia neno nakurushia lako, hakuna anayelala na njaa. Hata ndani ya Michigan kwenyewe wanataniana. Watu wa ile rasi ya kaskazini wanawaita wenzao wa kusini mazimwi, kwa sababu tangu daraja la Mackinac lifunguliwe mwaka 1957 wanaishi "chini ya daraja". Na wa kusini nao wana majibu yao.

Utani mzuri pia una msiba. Hapa naongea kama mtoto wa Tabora. Kwetu mnajua, Wangoni na Wanyamwezi walipigana karne ya 19, leo ni watani. Kwenye msiba wa babu yangu mzaa mama, mtani wake mmoja mzee wa Kingoni alikaa mlangoni akasema maiti haitoki, marehemu ana deni lake la kuku. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Lakini mzee huyo huyo ndiye aliyefika wa kwanza alfajiri na jembe begani kuchimba kaburi. Hiyo ndiyo bei ya utani. Umepewa ruhusa ya kunicheka kwa sababu siku nikianguka unakuja kuniinua.

Na hawa wa huku wanalo hilo, msidhani hawana. Novemba 2006 timu hizi zilikutana Columbus zikiwa namba moja na namba mbili nchi nzima. Siku moja kabla ya Mechi akafariki Bo Schembechler, kocha aliyeifundisha Michigan misimu 21 na kuiliza Ohio mara nyingi tu. Mzee mwenyewe alizaliwa Ohio! Kesho yake, kabla ya mpira kuanza, uwanja ule wa Ohio ukanyamaza kwa heshima yake. Maelfu kwa maelfu ya watu waliovaa nyekundu, kimya kwa ajili ya mtu wa bluu. Baada ya hapo wakacheza, Ohio wakashinda 42 kwa 39, na matusi yakaendelea kama kawaida. Ukinieleza utani wa majimbo ni huo, mimi nitakuunga mkono mpaka asubuhi.

Sisemi ni malaika. Novemba 30, 2024 Michigan walishinda 13 kwa 10 hapo hapo Columbus, wakataka kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikalipuka na polisi wakawapulizia watu dawa ya pilipili. Aibu tupu. Lakini angalieni kilichofuata: kila chuo kilipigwa faini ya dola 100,000. Sawa kwa sawa. Hakuna aliyeonewa.

Sasa tuje kwenye linalonikereketa.

Kusini-mashariki mwa Ohio, ukivuka tu mto, kuna West Virginia. Jimbo la milima na makaa ya mawe, watu kama milioni 1.8 tu kwa sensa ya 2020, na walikuwa wengi zaidi miaka kumi kabla yake. Hapa bwenini vichekesho vya West Virginia havina msimu wala mechi. Ni mwaka mzima. Hawana meno. Hawavai viatu. Hawajui kusoma. Na kile kikubwa kuliko vyote, kwamba wanaoana ndugu kwa ndugu. Mwaka 2004 kampuni moja kubwa ya nguo ilikichapa kichekesho hicho kwenye fulana ikauza madukani, mpaka gavana wa wakati huo, Bob Wise, akaiandikia kampuni kulalamika. Gavana mzima anaandika barua kuwaomba watu waache kuwaita raia wake watoto wa maharimu. Hebu fikirieni.

Nilifanya uchunguzi wangu mdogo hapa ghorofani kwetu. Niliwaomba watu vichekesho vya West Virginia, nikavipata vya kutosha ndani ya dakika tano. Kisha nikawauliza: nani anajua kilichotokea kwenye mgodi wa Upper Big Branch? Kimya. Ni Aprili 2010, mlipuko uliua wachimbaji 29 kwa siku moja. Saa chache za gari kutoka hapa. Nikauliza tena: Januari 2014 je, kemikali ilipovuja mtoni na watu kama laki tatu wakaambiwa wasiguse maji ya bomba? Mmoja alikumbuka kidogo. Vichekesho wanavijua kwa moyo, misiba hawaijui. Sasa huo ni utani gani? Kwetu mtani asiyejua kama umefiwa haitwi mtani.

Halafu cha kushangaza, Ohio hii hii imejengwa na watu wale. Viwanda vya matairi vya Akron viliwavuta watu wa milimani kwa maelfu, mpaka mji ukapewa jina la utani la mji mkuu wa West Virginia. Nusu ya wanaocheka hapa, ukifukua ukoo utamkuta bibi mmoja aliyeshuka kutoka milimani na sanduku la nguo. Jiji la Cincinnati liliona tatizo hili mapema. Mwaka 1992 waliandika kwenye sheria yao ya haki za binadamu kwamba ni marufuku kumbagua mtu kwa asili yake ya milima ya Appalachia. Jiji haliandiki sheria kuzuia kitu kisichokuwepo. Maana yake kuna watu walikuwa wanakosa kazi na nyumba kwa sababu ya namna wanavyoongea.

Sasa kisa chenyewe. Muhula huu niko kwenye mazoezi ya kufundisha, darasa la tano, shule ambayo sitaitaja. Kuna mtoto mmoja wa kiume, nitamwita Dogo. Familia yake ilihamia kutoka West Virginia mwaka huu. Wiki tatu zilizopita alisimama kusoma kwa sauti, akatamka maneno mawili matatu kwa lafudhi ya kwao. Mwenzake akauliza, "Eti mama yako na baba yako ni binamu?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu mwenye darasa, mama mpole kwa mambo mengine, alitabasamu akasema ndiyo maana Mungu aliweka mto katikati yetu. Kicheko cha pili kikawa kikubwa kuliko cha kwanza.

Tangu siku ile Dogo hajanyoosha mkono. Kipindi cha kusoma kikikaribia anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Kila siku, wakati ule ule. Ukimkuta peke yake anasoma vizuri tu, tena kuliko baadhi ya waliomcheka. Nilimfuata mwalimu baada ya vipindi nikamwambia nilichokiona. Akanijibu kwa upole, "Ah, ni utani tu wa majimbo, utauzoea."

Wadau, utani umenilea. Ndiyo maana nakataa.

Mtoto wa miaka kumi alikuwa na jibu gani pale? Watu 24 upande mmoja na yeye upande mwingine, na refa kajiunga na wale 24. Watu wa Michigan ukiwacheka unawacheka timu yao, ramani yao, theluji yao. Dogo alichekwa mdomo wake na mama yake. Hivyo hawezi kuvivua kama jezi akifika nyumbani.

Rafiki zangu wa bwenini wananiambia mimi mgeni, sielewi, mbona watu wa West Virginia wenyewe wanajichekesha hivyo hivyo? Sawa, wanajichekesha. Mwenye nyumba anaweza kusema paa langu linavuja. Jirani akisimama barabarani kulitangaza, tena jirani ambaye bati alilipata kwako, hiyo ni habari nyingine. Wengine wanasema mbona Ohio nayo inachekwa? Kweli, watoto wa siku hizi wamelifanya jina "Ohio" kuwa neno la kitu cha ajabu ajabu. Nalisikia kila siku darasani. Na watu wa Ohio wanacheka wenyewe, wanavaa fulana zake. Kwa nini wanaweza? Kwa sababu hakuna mtu wa Ohio aliyenyimwa kazi kwa kuongea Kiohio. Kichekesho kisichokugharimu kitu ni rahisi kukicheka.

Na haiko hapa tu. Majimbo ya kusini yana msemo, kila orodha ya elimu au afya ikitoka watu wanasema ashukuriwe Mungu kwa kuwa kuna Mississippi, yaani yupo wa kushika mkia badala yetu. Kule Kansas na Missouri ni balaa zaidi. Agosti 1863 wapiganaji kutoka upande wa Missouri waliuteketeza mji wa Lawrence, Kansas, wakaua wanaume na vijana kama 150. Zaidi ya miaka mia baadaye mashabiki wa mpira wa Missouri wakavaa fulana zenye picha ya mji ule ukiungua, kama vile ni matokeo ya mechi. Hapo utani umekwenda makaburini, lakini haukubeba jembe.

Na sisi Wabongo tusijifanye tuko juu ya mlima. Nani kati yetu hajasimulia kichekesho cha Mgogo na kuombaomba? Dodoma ukame ukipiga watu wanahangaika, sisi tuko Dar tunacheka. Jiulizeni, kile ni utani wa Mngoni na Mnyamwezi, au ni njaa ya mtu tumeigeuza kichekesho?

Basi walimu wenzangu watarajiwa, hasa ninyi mlio kwenye mazoezi ya kufundisha muhula huu, ombi langu ni dogo. Taniana na mwalimu mwenzako wa Michigan mpaka kengele ilie, hata mimi nitaleta kahawa. Lakini mtoto akichekwa kwa alikotoka, usitabasamu. Tabasamu la mwalimu ni muhuri. Watoto wale hawakujua kama walichosema kinaruhusiwa mpaka walipomtazama mkubwa usoni.

Mimi nimeomba kipindi kimoja cha maarifa ya jamii na mwalimu amenikubalia, Alhamisi ijayo. Nitafundisha umeme wa taa za darasani kwetu ulikotoka miaka yote ile, makaa yaliyochimbwa wapi na nani, na reli gani na mto gani viliyaleta Ohio. Nimemwambia Dogo babu yake alikuwa mchimbaji, kama atapenda alete picha. Hakunijibu. Jana asubuhi alipita mezani kwangu akaniuliza picha iwe na fremu au bila fremu.

Haya wadau, ngoja nikaandae andalio la somo. Na Jumamosi ni Mechi, mwenzangu wa chumba ameshaanza kuziba M kwenye vitabu vyangu vyote, hata kile cha Mathematika. Mniombee.